Maziwa ya Maulidi

Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya mashamba ya kabichi, Sabra alikuwa ameshaingia zizini. Zizi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, pale kijijini Lukozi. Humo alisimama Malkia, ng'ombe wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe. Sabra alimpenda sana ng'ombe huyo. Majirani walisema anampenda kuliko mumewe. Idrisa, mumewe, alikuwa mkulima wa kabichi na karoti. Aliposikia maneno hayo alicheka tu.

"Wala hamkosei," alisema. "Malkia hupewa majani kabla mimi sijapewa chai."

Malkia alitoa maziwa mengi. Ya asubuhi Sabra aliyapeleka kwenye kituo cha kupokea maziwa, pale barabarani. Kituo hakikufunguliwa jioni. Kwa hiyo maziwa ya jioni yalinywewa nyumbani, na yaliyobaki yalilala jikoni ndani ya dumu la njano. Dumu hilo zamani lilikuwa la mafuta ya kula. Asubuhi Sabra alimimina maziwa mapya, yenye joto la ng'ombe, juu ya yale ya jana. Alitikisa, akafunga kizibo, akaondoka.

Hakuona ubaya wowote. "Huku kwetu baridi," alipenda kusema. "Baridi ya Lukozi ndiyo friji yetu. Wa kuharibikiwa na maziwa ni watu wa Mombo, kule kwenye joto."

Wakati wa kipupwe alibahatika. Yaliyobaki jioni yalikuwa kidogo, na baridi ilikuwa kali kweli. Mtu akibahatika mara nyingi, huanza kudhani ni ufundi wake.

Mwaka huo Maulidi ya kijiji ilisomwa kwenye uwanja wa madrasa. Kipupwe kilikuwa kimekwisha na jua limeanza kuchoma. Wageni walialikwa kutoka Soni na Lushoto mjini. Wanaume walifunga turubai. Wanawake walikuwa na kazi yao waliyorithi kwa bibi zao, nayo ni chai ya maziwa ya wageni. Kwa desturi, kila nyumba yenye mfugo huleta maziwa. Yote humiminwa kwenye sufuria moja kubwa. Hapo hakuna anayesema haya yangu, haya yako. Maziwa yakishachanganyika, ndio ujirani huo.

Lakini macho nayo yana kazi yake. Kila mama huangaliwa ameleta kiasi gani. Sabra alilijua hilo vizuri. Jioni ya kuamkia Maulidi hakumpa mtu maziwa nyumbani kwake.

"Leo mtakunywa chai ya rangi," aliwaambia. "Kesho nataka dumu langu lijae mpaka shingoni."

Asubuhi alipofungua kizibo, harufu ilimpiga puani. Haikuwa kali. Ilikuwa ya uchachu kidogo tu. Sabra alisita. Alinusa tena. Kisha alifanya kama alivyofanya siku zote. Alimimina maziwa mapya juu yake, akanusa mara nyingine, akajiambia kwamba harufu imekwisha.

"Yakichemka yatakaa sawa," alisema peke yake.

Moyo ulimwambia asiyapeleke. Kiburi kilimwambia ayapeleke, tena dumu zima. Akakisikiliza kiburi.

Uwanjani mpishi mkuu alikuwa Bi Salama, mama mtu mzima ambaye sauti yake hutangulia kufika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Wanawake walifika mmoja mmoja, wakamimina. Husna naye alifika na jagi lililofunikwa kwa sahani. Husna alikuwa msichana aliyeolewa na Hamisi, fundi wa pikipiki. Kwao ni Mnazi, kule bondeni. Alipoolewa alipanda mlima na mbuzi wake wa maziwa. Alikuwa akiwauzia majirani maziwa ya mbuzi kwa kikombe, hasa wenye watoto wadogo. Kwa kazi hiyo alianza kujulikana kijijini.

"Shikamoo, Bi Salama. Shikamoo, mama Rashidi," aliamkia. Mama Rashidi ndilo jina ambalo Sabra aliitwa, kwa mwanawe wa kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Mimina," alisema Bi Salama.

Husna akamimina jagi lake. Halafu Sabra akainua dumu la njano kwa mikono miwili.

"Mashallah!" wanawake walisema. "Dumu zima! Huyu ndiye mfugaji."

Sabra alijifanya hakusikia, lakini alisikia vizuri sana. Akaketi kwenye kigoda, akashika kinu kidogo, akaanza kutwanga tangawizi ya chai.

Moto ulikuwa mzuri. Maziwa yalianza kupata joto. Bi Salama alikoroga kwa upawa mrefu. Mara akaacha kukoroga. Akainama, akaangalia ndani ya sufuria.

"Astaghfirullah," alisema.

Wanawake walisogea. Maziwa yalikuwa yamekatika. Mabonge meupe yalielea juu ya maji yenye rangi ya manjano. Upande wa pili, chini ya turubai, kaswida ilikuwa imefika mwisho. Wageni walikuwa wanasubiri chai.

"Nani kaleta maziwa mabovu?" aliuliza Bi Salama. "Semeni! Samaki mmoja akioza, wameoza wote. Nani?"

Mikono ya Sabra ilisimama juu ya kinu.

Mwanamke mmoja aitwaye Mwanamisi aliliangalia jagi la Husna. "Hayo ya mbuzi je?" alisema. "Mimi nilisikia maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe hayapatani. Ukiyachanganya hukatana."

Macho yote yalimgeukia Husna.

"Kwetu Mnazi tunayachanganya kila siku," Husna alisema kwa sauti ndogo. "Hayajawahi kukatika."

"Huko ni Mnazi," alijibu Mwanamisi.

Bi Salama alimgeukia Sabra. "Mama Rashidi, wewe ndiye unayejua mifugo. Yako yalikuwa mazima?"

Sabra aliikumbuka ile harufu. Ilikuwa kama bado iko puani mwake. Neno moja tu lingetosha.

"Ng'ombe wangu si mnamjua," alisema.

Hakuwa amejibu swali. Hata hivyo wanawake waliitikia kwa vichwa, wakaridhika. Hapo hakusema uongo wazi, na ndiyo maana hakuna aliyemshika. Uongo wa namna hiyo ni kama sabuni yenye maji, huteleza mkononi.

Husna alichukua jagi lake, akalisuuza, akajifunga kanga vizuri, akaondoka kabla ya chakula. Wageni walipewa chai ya rangi. Mzee mmoja wa Soni aliuliza kwa utani kama ng'ombe wa Lukozi wote wamekauka. Wanaume walicheka. Wanawake walitamani ardhi ipasuke.

Sabra ndiye aliyetamani zaidi.

Baada ya siku ile, maneno yalienea kijijini. Maziwa ya Husna yana mkosi. Maziwa ya mbuzi yaliaibisha Maulidi. Wenye watoto waliacha kutuma vikombe kwake. Tena kulikuwa na kikundi cha akina mama waliogandisha mtindi na kuuza kwenye gulio la Soni. Husna alikuwa karibu kupokewa. Bi Salama, mwenyekiti wa kikundi, alisema binti huyo asubiri kwanza.

Sabra aliyasikia yote hayo. Hakuyaongeza wala hakuyakanusha. Alijiambia kwamba maneno ya watu ni kama vumbi, yatatulia yenyewe. Lakini kila alipokutana na Husna njiani, binti yule alisimama pembeni, akainamisha kichwa kidogo kama heshima inavyotaka.

"Shikamoo, mama Rashidi."

"Marahaba," Sabra alijibu, naye akiangalia migomba.

Afadhali Husna angemtukana. Shikamoo ile ilimchoma. Ilifika hatua akaanza kuzunguka njia ya juu, yenye matope, ili asiisikie. Mtu mzima na akili zake anamkimbia msichana kwa sababu ya salamu!

Siku ya gulio, Sabra alipeleka maziwa kituoni kama kawaida. Mpokeaji alikuwa Marietha. Wazazi wake Marietha walikuja zamani kutoka mbali kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya milimani, naye akazaliwa na kukulia hukuhuku. Alikuwa mcheshi, lakini katika kazi hakuwa na mchezo. Alichota maziwa kidogo kutoka kwenye dumu la njano, akayatia kwenye kichupa. Akaongeza spiriti kiasi kilekile. Akatikisa, akakiinua kichupa kwenye mwanga.

Vipunje vyeupe vilishika kwenye kioo.

"Mama Rashidi," alisema Marietha, "haya siwezi kuyapokea. Yameanza kuchacha."

Mstari mzima ulisikia. Sabra alihisi uso unawaka. "Yangu?" aliuliza. "Ya Malkia?"

"Malkia hana kosa," alisema Marietha. Kisha akapunguza sauti. "Jioni nitapita kwako wakati wa kukamua. Siji kukupeleleza. Nakuja tuangalie pamoja yanaharibikia wapi."

Sabra alirudi nyumbani na dumu lililojaa. Siku hiyo lilikuwa zito kuliko siku zote. Alipita njia ya juu, yenye matope.

Jioni Marietha alifika kweli. Alisimama mlangoni mwa zizi, akaangalia. Sabra alimwagia Malkia maji ya baridi kwenye kiwele, akaanza kukamua. Kisha alimimina maziwa kwenye dumu, akaliweka jikoni karibu na mafiga, mahali pake pa siku zote.

"Naomba hilo dumu," alisema Marietha. Alilipokea, akanusa mdomo wake, akamrudishia. "Mama Rashidi, hebu ingiza mkono humu."

Sabra alijaribu. "Hauingii."

"Basi hata sabuni yako haifiki. Unalioshaje?"

"Natia maji, natikisa, namwaga."

"Maji ya moto?"

"Ya baridi."

"Maziwa yana mafuta," alisema Marietha. "Maji ya baridi hayaondoi mafuta. Yanabaki kwenye kona za dumu, na vijidudu vinakaa humo vikila. Kila siku unamimina maziwa mazuri juu ya uchafu wa jana."

Sabra aliliangalia dumu lake. Ghafla aliliona chafu, naye aliwapelekea watu maziwa ndani yake miezi yote hiyo.

"Lakini huku baridi," alijitetea. "Baridi haiyatunzi?"

"Baridi iko nje," alisema Marietha akicheka. "Dumu lako liko jikoni, limefungwa, na moto uko karibu. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana joto la mwili. Vijidudu vinalipenda joto hilo. Hiyo baridi ya Lukozi itaingilia wapi? Halafu asubuhi unamwagia mapya yenye joto juu ya yale ya jana. Hapo ndipo unayamaliza. Maziwa ya jana na ya leo usiyachanganye kabla ya kuyapoza yale mapya."

"Sasa nifanyeje?"

Marietha alikunja mikono ya sweta. Alimwomba maji ya vuguvugu na kitambaa safi. Alimwonyesha jinsi ya kuosha kiwele na kukikausha. Alimwambia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chuchu. Maziwa ya mwanzo kidogo yakamuliwe pembeni kwenye kikombe, ayaangalie kama yana mabonge au damu. Yakiwa nayo, ng'ombe anaumwa, na maziwa hayo yasichanganywe na mengine.

"Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au cha alumini," aliendelea, "chenye mdomo mpana, mkono wako uingie wote. Ukioshe kwa maji ya moto na sabuni, ukisuuze kwa maji yaliyochemshwa, ukianike juani kikiwa kimeinama. Maziwa uyachuje kwa kitambaa safi. Halafu chombo kikae kwenye beseni la maji ya baridi, ya mfereji wa juu kule. Ukoroge mara kwa mara mpaka yapoe. Hapo ndipo baridi ya Lukozi itakusaidia."

"Na ya kunywa nyumbani?"

"Uyachemshe. Yakipanda, punguza moto, koroga, yaendelee kuchemka kidogo. Usiyanywe mabichi, wala usimpe mtoto mabichi. Kuna magonjwa yanatoka kwa ng'ombe na kumwingia mtu kupitia maziwa mabichi."

"Yakiwa yameanza kuchacha, nikiyachemsha hayaponi?"

"Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakurudishi maziwa yaliyochacha. Yakipata moto tu, yanakatika."

Sabra alivuta kigoda, akaketi. Kulikuwa na swali lililomkaa kooni tangu Maulidi. Aliogopa kuliuliza, maana alilihofia jibu lake.

"Dada Marietha, ati maziwa ya mbuzi yakichanganywa na ya ng'ombe hukatana?"

"Nani kakwambia? Yote yakiwa mazima, hayana ugomvi. Kinachokata maziwa ni uchachu. Ukitia ndimu yanakatika. Ukitia nyanya yakiwa yanachemka yanaweza kukatika. Hata tangawizi mbichi, ukiitia mapema kabla maziwa hayajachemka, inaweza kuyakata."

Tangawizi! Sabra aliinua kichwa. Kumbe pengine ilikuwa tangawizi! Moyo wake ulipata nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Angeweza kumwambia Bi Salama kwamba si ya mbuzi wala si ya ng'ombe, ni tangawizi tu. Husna angesafishika, naye Sabra asingechafuka.

Nafuu hiyo haikudumu. Maziwa yalipokatika, tangawizi ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye kinu. Kinu kilikuwa mikononi mwake. Alikuwa bado anaitwanga.

"Mbona umebadilika?" aliuliza Marietha.

Ndipo Sabra alipomweleza yote, ile harufu, lile dumu, na jagi la Husna. Alipofika kwenye maneno aliyomjibu Bi Salama, hakuweza kumtazama mwenzake. Aliongea akiangalia majivu.

Marietha hakumkaripia. "Mficha uchi hazai, mama Rashidi," alisema. "Mimi naweza kukufundisha kuosha chombo. Hilo lingine ni lako mwenyewe."

Sabra alinunua ndoo ya alumini yenye mfuniko. Alifuata yote aliyoelezwa. Mara ya kwanza mikono ilikuwa mizito, kazi ikachelewa, Malkia akampiga teke la hasira. Baadaye alizoea. Kituoni, kichupa cha Marietha kilibaki safi. Maziwa yakapokewa.

Maziwa ya jioni nayo yalipata kazi mpya. Sabra aliyachemsha, akayaacha yapoe mpaka yawe ya vuguvugu. Kisha alitia vijiko vichache vya mtindi mzuri, akafunika, akaizungushia sufuria blanketi kwa sababu ya baridi ya usiku. Asubuhi alikuta mtindi mzito, laini, usio na harufu mbaya. Waliula kwa ugali. Siku nyingine alipika makande. Mahindi na maharage yalipoiva kabisa, alipunguza moto, akatia maziwa, akakoroga taratibu. Hakutia nyanya humo.

Idrisa alilamba kijiko. "Leo nimekula kabla ya Malkia," alisema. "Makande haya yangeliwa hata na sultani."

Sabra alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Maziwa yalikuwa mazuri, na uzuri wake ulimshtaki. Sasa alijua bila shaka yoyote kwamba maziwa mabovu yalikuwa yake. Kila sufuria iliyochemka vizuri ilimwambia jambo lilelile.

"Una nini?" aliuliza Idrisa.

"Nina aibu," alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo.

Kesho yake alikwenda kwa Husna. Hakupita njia ya juu. Husna alikuwa nje, akiwakatia mbuzi majani. Kando yake sufuria ya maziwa ilikuwa imejaa mpaka juu. Hakuna aliyekuja kununua. Alipomwona Sabra, aliinuka.

"Shikamoo, mama Rashidi."

"Usiniamkie," alisema Sabra. "Leo sistahili. Tuingie ndani."

Waliingia jikoni. Sabra alikataa kukaa. "Maziwa yaliyokatika siku ya Maulidi ni yangu," alisema. "Yalikuwa yameanza kuchacha. Nilinusa, nikajua, nikayapeleka. Wewe ulipolaumiwa nilinyamaza. Naomba radhi, mwanangu."

Machozi yalimlenga Husna, akayafuta kwa pembe ya kanga.

"Mimi nilianza kuamini," alisema. "Nilijua maziwa yangu mazima, lakini watu wote waliposema, nikaanza kujiuliza kama kweli nina mkosi. Nimewaosha mbuzi wangu mpaka wamenichoka."

"Mama Rashidi, wewe ni mkubwa wangu," Husna aliendelea. "Siwezi kukunyima msamaha. Ila radhi umeniomba hapa jikoni kwangu, hakuna anayesikia. Aibu ulinipa uwanjani."

Maneno hayo yalisemwa kwa adabu, tena bila kupaza sauti. Yalimfika Sabra mpaka kwenye mifupa. Alitoka pale akijua kwamba kazi bado haijafanyika.

Siku hizo Bi Salama alikuwa anamfanyia mjukuu wake akika, sherehe ya mtoto mchanga. Akina mama walialikwa, na sufuria kubwa ikateremshwa tena. Walifika na maziwa yao. Sabra alifika na ndoo yake ya alumini. Njiani alikuwa amempitia Husna.

"Kama hutaki kuja, sitakulaumu," alimwambia. "Lakini ningependa usikie kwa masikio yako."

Husna alikuja na jagi lake. Walipoingia uani, Bi Salama alikunja uso.

"Husna mwanangu, karibu," alisema. "Ila maziwa hayo yaweke pembeni. Leo sitaki mikosi."

Sabra aliweka ndoo chini. Alitamani kungoja wamalize kula. Alitamani hata mvua inyeshe, watu watawanyike. Mvua haikunyesha.

"Bi Salama," alisema, "yasiwekwe pembeni maziwa ya Husna. Siku ya Maulidi uliniuliza kama yangu yalikuwa mazima. Sikukujibu. Leo nakujibu. Yalikuwa mabovu. Nilijua tangu nyumbani kwamba yana harufu. Nilitaka mnisifu kwa dumu lililojaa. Maziwa ya mbuzi hayakukata kitu. Yangu ndiyo yaliyokata yote, na Husna akabeba mzigo wangu."

Sabra aliona macho ya kila mmoja. Kuna aliyemhurumia. Kuna aliyemtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Alisimama akayapokea yote. Aibu ilikuwa kali, lakini ilikuwa yake mwenyewe. Hakumbebesha mtu mwingine.

"Na mimi ndiye niliyetaja mbuzi," alisema Mwanamisi polepole. "Nilisema kitu nisichokijua."

Bi Salama aliweka upawa chini. Alimwendea Husna, akamshika mikono yote miwili, akamwomba radhi kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Husna aliitikia kwa kichwa, huku akilia.

Halafu Bi Salama aligeuka, sauti yake ikiwa imerudi. "Haya! Tutajuaje ya leo ni mazima? Maana wageni wako njiani."

"Kuna njia," alisema Sabra. "Nimefundishwa na Marietha wa kituoni. Kila aliyeleta, achote kidogo yachemshwe kwenye kisufuria peke yake. Yakikatika, yasiingie kwenye ya wenzake. Yakichemka bila kukatika, yamiminwe. Kisufuria kisuuzwe kabla ya mwingine. Naomba nianze mimi. Na anayepima awe Husna."

Kisufuria kililetwa, kikabandikwa kwenye moto mdogo. Husna alichota maziwa kutoka kwenye ndoo ya Sabra. Wanawake walizunguka. Sabra alisimama kichwa chini, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Alikuwa ameyakamua kwa mikono safi. Alikuwa ameyachuja na kuyapoza. Hata hivyo aliogopa.

Maziwa yalipata joto. Ukingoni mwa kisufuria vilianza viputo vidogo. Husna aliinama, akakoroga kwa kijiko, akaangalia. Hakuwa na haraka. Povu jeupe likapanda, laini, bila bonge hata moja.

Husna aliinua uso. "Mazima," alisema. "Mimina, mama Rashidi."

Sabra alimimina. Maziwa kidogo yalimwagika nje ya sufuria. Hakuna aliyecheka. Baada yake walipima wengine, na mwisho Husna akapima ya mbuzi zake, akayamimina juu ya yale ya ng'ombe. Bi Salama alikoroga. Yalichemka, yakapanda, yakanukia vizuri. Tangawizi ilitiwa yakiwa yameshachemka. Wageni walikunywa, wakaomba tena.

Tangu hapo vikombe vilirudi nyumbani kwa Husna. Kikundi cha mtindi kilimpokea, na sasa yeye ndiye anayepima maziwa ya wenzake kila wakikutana. Madumu yaliyokuwa ya mafuta yamepewa kazi ya kubebea maji ya kumwagilia karoti. Lukozi hawasemi tena kwamba maziwa ya mbuzi hukata ya ng'ombe. Wanasema, pima kwanza.

Kila sufuria kubwa inapobandikwa kwa ajili ya shughuli, akina mama hupanga mstari mbele ya Husna na kisufuria chake. Sabra hutangulia mbele. Hakuna aliyemwamuru.